Si kila askari wa kigeni ni mamluki

Novemba 2025 serikali ya Kenya ilisema huenda Wakenya zaidi ya 200 wamejiunga na jeshi la Urusi katika vita vya Ukraine, na tangu hapo jina la mamluki limebandikwa kila mmoja wao. Sheria haibandiki jina hilo kirahisi hivyo. Kifungu cha 47 cha Itifaki ya Kwanza ya 1977, inayokamilisha Mikataba ya Geneva, kina masharti sita, nayo lazima yatimie yote kwa pamoja. Tamaa ya fedha ni sharti moja tu, na hata hapo malipo yawe yamezidi mno yale ya askari wenyeji wa cheo hichohicho. Sharti jingine ni kwamba mtu asiwe mwanajeshi wa upande wowote unaopigana. Hapo ndipo tuhuma inapovunjika: aliyetia saini mkataba na wizara ya ulinzi na kuvikwa sare ni askari wa nchi ile, awe na pasipoti ya Nairobi au ya Kathmandu. Akikamatwa ni mateka wa vita. Akiwa amewaua raia atashtakiwa, lakini si kwa kule kushika bunduki tu. Juni 2022 mahakama ya waliojitenga huko Donetsk iliwahukumu kifo Waingereza wawili na Mmoroko mmoja kwa umamluki, ilhali walikuwa katika jeshi la Ukraine. Septemba waliachiwa kwa mabadilishano ya mateka, Saudia ikiwa mpatanishi.

Lakini kinga hiyo ni dhidi ya adui. Haimkingi askari na kamanda wake mwenyewe: akitoroka, sheria ya nchi iliyomwajiri inamhesabu mhalifu. Pa kukimbilia panabaki ubalozi wa kwao, na huko nako kuna Kifungu cha 68 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kinachomfanya mkosaji raia anayeingia, bila kibali cha Rais, katika jeshi la nchi inayopigana na nchi rafiki. Wapo watakaosema ndivyo inavyostahili, kwani walifuata pesa kwa hiari, na kuwasamehe ni kuwafungulia wengine njia. Hoja hiyo ina uzito kwa aliyejua anakokwenda. Kwa aliyeahidiwa kazi ya ulinzi au udereva na kuwekewa mezani mkataba wa Kirusi asioweza kuusoma, haina. Itifaki ya Palermo ya 2000 kuhusu usafirishaji haramu wa binadamu inasema ridhaa iliyopatikana kwa hila ili mtu anyonywe si ridhaa. Tena Kifungu cha 68 chenyewe kinamgusa pia anayewashawishi wengine kujiunga akiwa ndani ya Kenya, yaani wakala. Mwendesha mashtaka akianza na huyo, aliyetoroka mstari wa mbele atabisha hodi ubalozini bila kuogopa pingu, naye ndiye shahidi anayeijua njia yote waliyopitishwa.