Thamani ya Kura Moja

Wako wasemao, "Kura yangu moja itafaa nini?" Mwenye kusema hivyo na aitazame Pemba ya mwaka 1961.

Januari ya mwaka huo, watu wa Unguja na Pemba walichagua wajumbe 22 wa Baraza la Kutunga Sheria. Afro-Shirazi ilipata viti 10, Hizbu 9, na ZPPP 3. Katika vile 10, kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja tu. Wajumbe wa ZPPP wakagawanyika: wawili kwa Hizbu, mmoja kwa Afro-Shirazi. Ikawa 11 kwa 11, wala hapakuwa na upande wenye wingi wa kutawala. Lau mpiga kura mmoja wa Chake Chake angaliupa kura upande wa pili, ingalikuwa 12 kwa 10.

Juni 1 uchaguzi ukarudiwa, Pemba ikiwa imeongezwa jimbo moja ili hesabu zisilingane tena. Fujo zikazuka Unguja, na roho 68 zikapotea.

Basi kura yataka mambo mawili: mwenyewe aipige, na asiyeafikiana naye aiheshimu. Likikosekana la pili, la kwanza hugeuka msiba.