Pafu dogo, mlima mrefu: Safari ya mtoto mchanga kutoka Nakuru

NAKURU iko bondeni, na yeyote aliyewahi kupanda matatu pale stendi anajua maana yake: ukitaka kutoka, lazima upande. Ukielekea Eldoret, gari linakohoa kutoka Salgaa, linapita Mau Summit na kufika Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Ukielekea Nairobi, unapita Gilgil na Naivasha, kisha unaukabili ukuta wa Bonde la Ufa. Mimi na wewe tunachohisi ni masikio kuziba na baridi kidogo. Tunafunga dirisha, tunarudi kwa simu.

Sasa mfikirie mtoto aliyezaliwa asubuhi ya leo, yuko ndani ya ambulensi kwenye barabara hiyo hiyo. Pafu lake la kushoto ni kijipande tu. Mahali ambapo pafu hilo lingekuwa, pamejaa utumbo.

Hali hii madaktari huiita henia ya diaframu, ngiri ambayo mtoto huzaliwa nayo ndani ya kifua. Diaframu ni ule msuli mpana na mwembamba uliotandazwa kati ya kifua na tumbo kama ngozi iliyowambwa kwenye ngoma. Ukivuta pumzi, unashuka na mapafu yanapata nafasi. Msuli huu hujiunda mapema sana, kufikia wiki ya 10 hivi ya ujauzito, wakati wasichana wengi hata hawajaenda kliniki ya kwanza na wengine bado wanajiambia ni malaria. Usipojifunga vizuri, tundu hubaki. Katika visa 8 hivi kati ya 10, tundu huwa upande wa kushoto. Utumbo, mfuko wa chakula na wengu hupenya na kupanda kifuani. Wakati mwingine hata ini hufuata.

Ukisikia habari hiyo mara ya kwanza, unafikiri tatizo ni tundu. Lishonwe, mambo yaishe. Madaktari nao walifikiri hivyo kwa miaka mingi. Mtoto alikuwa akikimbizwa thieta usiku uo huo, tundu linazibwa vizuri kabisa, na bado mtoto anafariki siku ya pili. Kuanzia miaka ya 1980 ndipo walipoanza kukubali kwamba tundu si muuaji mkuu. Muuaji ni pafu ambalo halikupata nafasi ya kukua.

Mapafu hukua kama mti. Kwanza matawi, yaani njia za hewa, ambazo karibu zote huwa zimegawanyika kufikia wiki ya 16 au 17. Baadaye huja majani: vile vifuko vidogo vya hewa ambavyo huanza kuchipuka kuelekea mwisho wa ujauzito na kuendelea kuongezeka kwa miaka kadhaa baada ya kuzaliwa. Mti uliobanwa na ukuta tangu ukiwa mche hutoa matawi machache. Pia mishipa ya damu ndani ya pafu lililobanwa huwa michache, minene ya kuta, na hujikaza ovyo. Damu inakosa pa kupita. Moyo unasukuma, unasukuma, mwishowe unachoka. Ndiyo sababu siku hizi upasuaji husubiri. Mtoto hutulizwa kwanza kwa mashine na dawa, pengine siku kadhaa, ndipo ashonwe. Ile picha ya kwenye filamu, kitanda kikikimbizwa koridoni, hapa haifai.

Turudi barabarani. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya bahari, kwa hivyo kila pumzi unayovuta Section 58 au Kaptembwo ina kama asilimia 80 tu ya oksijeni ambayo mtu wa Mombasa anaipata kwa pumzi hiyo hiyo. Timboroa ni chini ya robo tatu. Mwili wenye afya hauna shida na hilo, na si bure wanariadha wetu wanafanya mazoezi huko juu. Lakini mishipa ya pafu ina tabia moja: oksijeni ikipungua, inajikaza zaidi. Mtoto ambaye mishipa yake tayari imejikaza anapandishwa mahali ambapo hewa ni nyepesi. Mtungi wa oksijeni unaweza kuziba pengo hilo, mradi usiishe njiani, na mradi hewa inaingia mahali panapofaa.

Hapo kwa “mahali panapofaa” ndipo pana mtego ambao nadhani watu wengi hawaujui, hata baadhi yetu tunaojifanya kusoma sana. Wakunga hufunzwa kwamba mtoto asiyelia asaidiwe kupumua ndani ya dakika ya kwanza, kwa kinyago na mfuko wa kusukuma hewa. Ni mafunzo mazuri. Majirani zetu wa Tanzania walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuyajaribu kwa upana na vifo vya watoto wachanga vikapungua sana. Vilevile kuna mashine ya CPAP, ile yenye mrija uliozamishwa sentimita kadhaa ndani ya chupa ya maji, inayotoa mapovu na kuyazuia mapafu ya mtoto njiti yasijifunge. Ni kifaa rahisi, na kimeokoa watoi wengi.

Ila kwa mtoto huyu mmoja, vyote viwili vinaweza kumdhuru. Hewa inayosukumwa usoni haiendi pafuni peke yake. Nyingine hushuka kwenye mfuko wa chakula, na mfuko huo uko kifuani. Unafura kama puto, unalikandamiza hata lile pafu la upande mzima. Anachohitaji ni mrija wa kupitishwa moja kwa moja kwenye njia ya hewa, mrija mwingine wa kutoa hewa tumboni, na mashine inayompumulia taratibu. Muuguzi aliyetumia kinyago hana kosa. Alifanya alichofunzwa, kwa mtoto ambaye hakuna aliyekuwa amemwambia habari zake.

Dalili zipo kwa anayejua pa kutazama. Mtoto anapumua mbio na kugeuka rangi ya samawati. Kifua kimejaa, lakini tumbo limebonyea badala ya kuwa duara. Ukiweka sikio au kifaa cha daktari upande wa kushoto, moyo hausikiki vizuri kwa sababu umesukumwa kulia.

Je, ni watoto wangapi? Takwimu za kimataifa huweka kiwango karibu mtoto 1 kati ya 3,000. Kenya husajili zaidi ya watoto milioni moja kila mwaka, kwa hivyo piga hesabu: zaidi ya 300 nchini. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202 katika Kaunti ya Nakuru, kama asilimia 4.5 ya Wakenya wote. Hesabu yangu ya kalamu na karatasi inaniletea watoto 15 hivi kwa mwaka Nakuru pekee. Zaidi ya mmoja kila mwezi. Uliza mtaani kwenu kama kuna anayemjua hata mmoja.

Mwaka wa 1978, daktari wa upasuaji wa Marekani, Michael Harrison, pamoja na wenzake waliandika kuhusu kile walichokiita vifo vilivyofichika. Hospitali kubwa zilikuwa zikijisifu kwamba watoto wengi wenye henia hii wanapona. Ukichunguza, waliokuwa wakihesabiwa ni wale waliofika. Wenye mapafu madogo zaidi walikuwa wamefariki walikozaliwa, au njiani. Hospitali iliyo mbali zaidi hupata matokeo mazuri zaidi, kwa sababu barabara imeshamchagulia wagonjwa.

Soma hilo tena ukiwa na ramani ya Bonde la Ufa mkononi. Mtoto wa Molo au Subukia anayefariki dakika ya arobaini huandikwa kwamba alikosa hewa wakati wa kuzaliwa. Ni kweli alikosa hewa. Sababu yake inazikwa naye.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021 katika jarida la The Lancet, ukiongozwa na Naomi Wright, ulifuatilia watoto 3,849 waliozaliwa na kasoro za tumbo na utumbo, henia hii ikiwemo, katika hospitali 264 kwenye nchi 74. Katika nchi maskini walifariki asilimia 39.8. Nchi za kipato cha kati, asilimia 20.4. Nchi tajiri, 5.6. Na hao ni waliofika.

Kundi jingine ni la wale wenye bahati, ambao tundu lao ni dogo na mapafu yalikua. Huishi miezi au hata miaka kabla ya kugundulika. Wanakohoa, wanatapika, wanatibiwa nimonia mara tatu, mpaka mtu anapopiga picha ya eksirei na kuuliza mbona utumbo uko huku juu. Hawa wakishonwa, wengi huwa sawa kabisa.

Huko Ulaya wamefika mbali zaidi. Madaktari waligundua kwamba watoto waliozaliwa njia yao ya hewa ikiwa imeziba huwa na mapafu makubwa kupita kiasi, kwa sababu pafu la mtoto tumboni hutoa maji, na maji hayo yakikosa pa kutokea hulitanua. Wakauliza: tukiziba makusudi je? Kundi lililoongozwa na Jan Deprest wa Leuven, Ubelgiji, liliweka kiputo kwenye koo la mtoto akiwa bado tumboni, kati ya wiki ya 27 na 29, na kukitoa wiki ya 34. Matokeo yalitoka mwaka wa 2021: kwa wenye hali mbaya zaidi, asilimia 40 walinusurika, ikilinganishwa na 15 ya wasiowekewa. Kwa wenye hali ya wastani, tofauti haikuwa ya kutegemewa.

Inasisimua, nakubali. Lakini kiputo hicho huleta uchungu wa mapema, na uchungu ukikupata nyumbani kiputo kikiwa bado ndani, mtoto hawezi kupumua. Mama sharti aishi karibu na timu inayojua kukitoa, saa yoyote. Kwa maoni yangu, si hapo Nakuru inapopaswa kuanzia.

Pa kuanzia ni skani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mjamzito apigwe angalau moja kabla ya wiki ya 24. Mjini hapa tunazipiga, ila swali letu huwa moja: mvulana ama msichana? Keki ya bluu iokwe ama ya pinki? Ukienda kati ya wiki ya 18 na 22, uliza pia: moyo uko upande gani, na mfuko wa chakula uko chini ya diaframu? Si kila henia itaonekana. Hata Ulaya nyingine hupita bila kugunduliwa. Na ikionekana, tafadhali asitokee shangazi wa kusema msichana alijaribu kuitoa mimba au amelogwa. Katika visa vingi chanzo hakijulikani. Baadhi vinahusiana na jeni. Wanasayansi wameona panya waliokosa vitamini A wakizaa watoto wenye tundu hilo, lakini usikimbilie vidonge, kwani vitamini A ikizidi nayo humdhuru mtoto.

Anachopata mama kwa kujua mapema ni muda. Anaweza kupanga kujifungulia mahali penye madaktari wa upasuaji wa watoto: Eldoret, ambako hospitali ya Riley ya mama na mtoto na ile ya watoto ya Shoe4Africa ziko chini ya hospitali moja ya rufaa ya Moi, au Kijabe, au Kenyatta jijini Nairobi. Anapakia begi wiki mbili tatu kabla ya tarehe, anapanda gari la kawaida. Salgaa, Mau Summit, Timboroa. Mlima ni ule ule na hewa ni nyepesi vile vile, lakini mtoto bado yuko tumboni, oksijeni anaipata kupitia kondo la mama yake, na pafu lake dogo bado halina kazi ya kufanya.