Aliyempiga mkewe akipewa adhabu ndogo, zipo siku 30

Morogoro. Chukulia mfano wa mama anayelima kabichi Mgeta, kwenye Milima ya Uluguru. Mumewe amempiga hadi mkono ukavunjika. Kesi imefika mahakama ya wilaya, mume ametiwa hatiani, amelipa faini na jioni hiyohiyo yuko nyumbani. Faini imeingia serikalini; mama amebaki na mkono wenye hogo na watoto walioshuhudia yote.

Je, ndiyo basi? Hapana, ila siku zinahesabika.

Katika kesi ya jinai anayeshtaki ni Jamhuri, mama ni shahidi. Kwa hiyo hakati rufaa mwenyewe. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa haki hiyo Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP), akiona adhabu haitoshi. Taarifa ya kusudio la rufaa hutolewa ndani ya siku 30 tangu adhabu itolewe. Hati ya rufaa hufuata ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya mwenendo wa kesi.

Ndiyo maana mama anatakiwa kuwahi Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ya mkoa akiwa na namba ya kesi, jina la mahakama na tarehe ya hukumu. DPP ndiye anayeamua, lakini hawezi kuamua juu ya malalamiko yasiyomfikia. Asiyejua pa kuanzia amtafute msaidizi wa kisheria. Huduma hiyo inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kesi ikiwa ya Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya ina mamlaka ya kuita jalada na kulipitia.

Huruma pekee haitoshi

Shambulio la kudhuru mwili lina kifungo kisichozidi miaka mitano. Kusababisha madhara makubwa, kisichozidi miaka saba. Hivyo ni vikomo, si kwamba kila mshtakiwa atafika huko. Mahakama Kuu hugusa adhabu iliyo ndogo kupita kiasi, iliyo kinyume cha sheria, au pale hakimu alipoacha jambo la msingi. Utetezi wa "nilikuwa namrudi mke wangu" hauna nafasi: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimpi mwanandoa yeyote haki ya kumchapa mwenzake.

Kesi huanzia hospitali

Kwa kawaida rufaa husikilizwa kwa yaliyomo kwenye jalada. PF3 iliyoandikwa "maumivu" tu haina nguvu kama inayotaja mfupa uliovunjika, picha ya eksirei na urefu wa jeraha. Mwonyeshe daktari kila alama, hata ya zamani, na umwambie kama una ujauzito. Vitisho vikiendelea baada ya hukumu, rudi Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Hilo ni kosa jipya, halisubiri rufaa.

Mzazi, huenda mama huyo ni binti yako. Kwa Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, neno la mjomba ni zito. Mjomba anayeweza kusema "yaishe nyumbani" ndiye huyohuyo anayeweza kumsindikiza mpwa wake kushuka mjini kabla siku 30 hazijakwisha.