Printa Yako Inamsikiliza Nani?

Printa ya nyumbani si ajabu tena Rau, pale Moshi. Mwalimu anatoa mitihani, mwanachuo anatoa ripoti yake, na chumba cha mbele kikigeuzwa stesheneri, majirani wanaleta vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho vya NIDA vitolewe kopi. Mashine imeunganishwa na waifai ili simu itume kazi bila waya. Wanunuzi wengi hawaambiwi kwamba ina pia ukurasa wake wa mipangilio, unaofunguliwa na simu yoyote iliyo kwenye waifai hiyo.

Jaribu leo. Kwenye menyu ya printa, toa karatasi ya hali ya mtandao, kisha tafuta anwani ya tarakimu, mara nyingi inayoanza na 192.168. Iandike kwenye kivinjari cha simu. Ukiingia kwenye mipangilio bila kuulizwa nywila, basi hata kijana uliyemgawia waifai aangalie mechi hataulizwa.

Ataona nini? Kwenye mashine ndogo, pengine kiwango cha wino na jina la waifai tu. Zile zinazotuma skani kwa barua pepe zina la ziada: zimehifadhi nywila ya barua pepe hiyo. Ukurasa huificha kwa nukta, lakini katika baadhi ya mashine mtu anaweza kubadilisha anwani ya seva peke yake, akaweka ya kompyuta yake, kisha akabonyeza kitufe cha kujaribu muunganisho. Printa inampelekea nywila bila ubishi.

Nywila ya kiwandani nayo haitoshi. Juni 2025 kampuni ya usalama ya Rapid7 ilitangaza kasoro zilizogusa aina 689 za mashine za Brother. Nywila ya kwanza ya mashine hizo ilitokana na namba ya utambulisho ya printa yenyewe, na namba hiyo iliweza kupatikana kupitia mtandao bila kuingia. Brother walikiri kwamba kusasisha programu ya ndani hakuwezi kuliondoa tatizo hilo kabisa kwa mashine zilizokwisha kutengenezwa. Mwenye nayo abadilishe nywila mwenyewe.

Je, mdukuzi wa ng'ambo? Mwaka 2020 watafiti wa CyberNews waliziamuru printa karibu 28,000 duniani zichape karatasi ya onyo, kwa kuwa zilikuwa wazi kwenye intaneti. Kwa nyumba inayotumia ruta ya laini ya simu hatari hiyo huwa ndogo, maana wateja wengi hugawana anwani moja ya nje. Kwa maoni yangu, kule Rau mtu wa kuangaliwa kwanza ni aliyeko ndani ya waifai: mpangaji, mteja, fundi wa mwaka jana.

Kwa hiyo weka nywila mpya kwenye ukurasa huo, na wageni wape mtandao wao kama ruta yako inaruhusu. Mwenye stesheneri ana sababu ya ziada: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Na ukiuza printa, irudishe kwanza kwenye hali ya kiwandani, la sivyo mnunuzi anaondoka na nywila ya waifai yako.