Kochi la Kaya Nzima: Kipimo Kianze kwenye Goti la Bibi

Katika miji inayokua kwa nguvu ya dhahabu, kama vile Katoro, Geita na Kahama, fedha ikipatikana mara nyingi sebule ndiyo huonesha mapema mabadiliko ya maisha. Viti vya mbao vya zamani hutolewa nje na seti mpya ya makochi huingizwa: mapana, yenye sponji nene, yaliyovikwa kitambaa kinachong'aa. Kijana aliyeyanunua hufurahi kumwona mama yake akikalia kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho. Wajukuu huruka juu yake, na wageni husifu.

Baada ya wiki chache, bibi haonekani tena sebuleni. Akiulizwa, husema kwamba makelele ya watoto yanamchosha. Ni nadra kusema ukweli wenyewe: akishazama katika kochi lile, hawezi kunyanyuka bila kuvutwa mikono, naye anaona haya kuvutwa mbele ya mkwe na wageni. Wapo wazee wanaofikia hata kupunguza maji ya kunywa ili wasilazimike kuinuka kwenda chooni. Hapo samani hugeuka kuwa suala la afya. Mzee asiyekunywa maji ya kutosha hupata kufunga choo, kizunguzungu na maambukizi ya njia ya mkojo. Mzee anayeshinda kitandani hupoteza nguvu za misuli kwa haraka, na aliyejitenga na mazungumzo huelekea kwenye huzuni, wala hakuna anayegundua mapema kwamba usemi wake umebadilika au mkono mmoja umelegea.

Swali la kochi lipi linunuliwe, basi, halipaswi kuanzia kwenye rangi wala bei. Linapaswa kuanzia kwa mtu ambaye kuinuka kwake ni kwa shida kuliko wengine wote nyumbani.

Kwa nini kochi la chini ni mzigo

Kuinuka kutoka kwenye kiti ni miongoni mwa kazi ngumu ambazo mwili hufanya kila siku. Mtu husogeza kiwiliwili mbele, huhamishia uzito kwenye nyayo, kisha misuli ya mapaja na makalio huunyanyua mwili mzima. Kadiri kiti kinavyokuwa chini, ndivyo goti linavyokunjwa zaidi na misuli inavyodaiwa nguvu kubwa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2002 katika jarida la tiba ya viungo la Marekani yalionesha kwamba kuinua kimo cha kiti kunaweza kupunguza mzigo kwenye goti kwa hadi asilimia 60, na kwenye nyonga kwa hadi asilimia 50. Kutumia mihimili ya mikono nako hupunguza sana mzigo huo.

Kwa kijana tofauti hiyo haina uzito. Kwa bibi mwenye magoti yaliyosagika, babu aliyepata kiharusi, au mama mwenye mimba kubwa, ndiyo tofauti kati ya kuinuka mwenyewe na kusubiri msaada. Na anayejaribu kuinuka kwa kujirusha huweza kurudi nyuma kwa kishindo au kuanguka mbele, kwenye meza ya kioo. Kuvunjika nyonga uzeeni si ajali ndogo: mara nyingi kunahitaji upasuaji, na wengi hawarudii kutembea kama zamani.

Vipimo vinne vya kupeleka kwa fundi

Familia za Shinyanga na Geita zina nafasi ambayo mnunuzi wa kochi la kiwandani hana. Makochi mengi hutengenezwa na mafundi wa mtaani, kwa kuagizwa. Fundi anayeweza kuchonga mninga au mkongo kwa mtindo wowote anaweza pia kuchonga kwa kipimo cha mtu, ilimradi apewe kipimo hicho kabla ya kukata mbao.

Kipimo cha kwanza ni kimo cha kikalio. Mzee akae kwenye kiti kigumu akiwa amevaa ndala au viatu vyake vya kila siku, nyayo zikiwa zimetulia chini. Pimeni kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo ulio nyuma ya goti. Kikalio kisiwe chini ya hapo. Kwa mwenye maumivu ya magoti au nyonga, kizidi kwa sentimita 3 hadi 5, mradi nyayo zake zisining'inie. Wazee wengi hufaidika na kimo cha sentimita 45 hadi 50, lakini mwenye miguu mifupi ahitaji pungufu ya hapo. Jambo linalosahaulika ni kwamba kimo hupimwa mtu akiwa amekaa. Kochi lenye kimo cha sentimita 48 dukani huweza kuwa na 38 sponji ikishalemewa.

Cha pili ni kina, yaani umbali kutoka ukingo wa mbele hadi kwenye mgongo wa kochi. Mzee akiegemea vizuri, vidole viwili au vitatu vipite kati ya ukingo wa kochi na nyuma ya goti lake. Kochi lenye kina kirefu mno humlazimisha kukaa akiwa amepinda mgongo, na akitaka kuinuka huanza kwa kujikokota hadi ukingoni.

Cha tatu ni mihimili ya mikono. Iwe na kimo cha kiwiko cha mtu aliyekaa, ambacho kwa kawaida ni sentimita 20 hadi 25 juu ya kikalio, na ifike mbele karibu na ukingo wa kikalio. Iwe migumu na ya kushikika. Mhimili uliojazwa sponji laini hupendeza macho, lakini mkono ukisukuma hauna pa kushika.

Cha nne ni uwazi chini ya kochi. Ili kuinuka, mtu hurudisha nyayo nyuma kidogo. Kochi lililozibwa kwa ubao hadi sakafuni huzuia mwendo huo. Uwazi huo hurahisisha pia kufagia na kupiga deki.

Kaya moja ina miili mingi

Katika kaya yenye babu, wazazi, vijana na wajukuu, hakuna kochi moja linalomfaa kila mtu. Suluhisho ni kuagiza kochi la mtu mmoja kwa kipimo cha mzee, la mbao na kitambaa kilekile cha seti nzima, na kuyaacha mengine kwa wenye miguu ya nguvu. Hivyo mzee hakai kwenye kiti kinachomtangaza kuwa mgonjwa. Kochi lake liwekwe mahali anapoona mlango na nyuso za wanaozungumza, karibu na njia ya kwenda chooni, bila zulia lenye ncha zilizokunjamana mbele yake.

Heshima ya kiti si jambo geni kwa Wasukuma. Katika Makumbusho ya Bujora, Kisesa mkoani Mwanza, viti vya watemi vimehifadhiwa pamoja na ngoma na alama nyingine za utawala. Kiti kilitengwa kwa ajili ya mtu, na watu wakajua ni cha nani.

Mtoto mchanga na kochi

Mwili mwingine unaohitaji tahadhari ni ule mdogo kuliko yote. Mtoto mchanga asilazwe kwenye kochi, peke yake wala kifuani mwa mtu mzima aliyesinzia. Kichwa chake huweza kuzama kati ya mto na mgongo wa kochi, au kubanwa na mwili wa mlezi, naye hana nguvu ya kujigeuza. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2014 ulipitia vifo zaidi ya 7,900 vya watoto wachanga waliofariki usingizini. 1,024 kati yake vilitokea kwenye makochi. Bibi anayempakata mjukuu mchana, na mama aliyechoka anayenyonyesha usiku, waambiwe jambo hili waziwazi: usingizi ukianza kuja, mtoto alazwe chali mahali tambarare pasipo mito.

Vumbi la mgodini lisikae sebuleni

Katika kaya za wachimbaji wadogo, kochi hubeba hatari nyingine isiyoonekana. Nguo za mtu aliyetoka kwenye duara au kwenye karasha huwa na vumbi la mawe lenye silika. Za aliyechoma dhahabu huweza kuwa na zebaki. Akikaa nazo kwenye kochi la kitambaa, vumbi huingia katika nyuzi na sponji, kisha mtoto hucheza hapohapo na kutia vidole mdomoni. Zebaki hudhuru mfumo wa fahamu, hasa wa mtoto na wa mimba iliyo tumboni. Silika huharibu mapafu na humweka mchimbaji katika hatari kubwa zaidi ya kifua kikuu.

Nguo za kazi zivuliwe nje, na zifuliwe mbali na nguo za familia. Kochi livikwe foronya inayovuliwa na kufuliwa, au ngozi bandia inayopanguswa kwa kitambaa chenye maji; kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu hulirusha hewani. Foronya hiyo humsaidia pia mzee asiyeweza kuzuia mkojo: ikitanguliwa na plastiki chini yake, haya hupungua na harufu haibaki.

Kama kochi limeshanunuliwa

Si lazima liuzwe. Fundi anaweza kuongeza miguu kwa vipande vya mbao vilivyofungwa kwa skrubu. Matofali yaliyowekwa tu chini huteleza. Ubao wa plaiwudi chini ya mto wa kukalia huzuia kuzama. Mto mgumu wa ziada husaidia, ila ukinenepa mno mihimili ya mikono hubaki chini isitumike. Panapokosekana yote hayo, kiti imara cha mbao chenye mihimili na mto mwembamba ni bora kuliko kochi la thamani lisilokalika.

Mzee afundishwe kuinuka kwa hatua: asogee ukingoni, arudishe nyayo nyuma, ainame hadi pua ipite juu ya vidole vya miguu, kisha asukume mihimili kwa mikono. Anayemsaidia asimvute mkono wala kumnyanyua kwa kwapa, hasa aliyepata kiharusi, kwa kuwa bega lililolegea huumia au kuteguka kwa urahisi.

Kwa mhudumu wa afya

Mhudumu anayetembelea kaya anaweza kupima nguvu za miguu bila mashine yoyote. Kiti kisicho na mihimili, chenye kimo cha takribani sentimita 43, kiegemezwe ukutani. Mzee akunje mikono kifuani, kisha ahesabiwe mara anazosimama wima kwa sekunde 30. Kwa vigezo vinavyotumiwa na Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, mwanamke wa miaka 70 hadi 74 anayefikisha chini ya mara 10, au mwanamume wa umri huo chini ya mara 12, yumo katika hatari ya kuanguka. Anayeshindwa kabisa bila mikono anahitaji uchunguzi wa magoti, macho, shinikizo la damu na dawa anazotumia, pamoja na mazoezi ya kuimarisha mapaja.

Baada ya hapo, mhudumu amwombe mzee akae kwenye kochi analokalia kila siku, kisha ainuke. Asimsaidie upesi. Akiona mikono ikitafuta pa kushika na isipate, ameshajua kwa nini mzee huyo hushinda chumbani, na ana jambo la kuzungumza na kijana wake aliyenunua kochi kwa mapenzi mema.