Je, Wajua? Barafu Inavyopima Molekuli na Maziwa

Je, wajua kwamba mwanafunzi wa kidato cha sita pale Tarime anaweza kupata uzito wa molekuli asiyoiona, akiwa na mizani, kipimajoto kizuri na barafu tu? Maji safi huganda kwenye nyuzi 0. Yakiyeyushiwa kitu, hayagandi mpaka yapoe zaidi, na kinachoamua yatashuka kiasi gani ni wingi wa chembe zilizoyeyuka. François-Marie Raoult wa Grenoble, Ufaransa, alitangaza kanuni hiyo mwaka 1882.

Je, wajua hesabu yenyewe ni nyepesi? Moli moja ndani ya kilo ya maji hushusha kuganda kwa nyuzi 1.86. Chukua gramu 17.1 za unga usioujua, uyeyushe katika gramu 100 za maji. Tuseme yameganda nyuzi 0.93 chini ya sifuri: hapo kuna nusu moli kwa kilo. Kilo nzima ingebeba gramu 171, basi moli moja ina gramu 342. Ndio uzito wa sukari ya chai, na wa laktosi, sukari ya maziwa, pia. Njia hii hupima uzito. Jina utalitafuta kwingine.

Je, wajua chumvi hudanganya? Moli yake ina gramu 58.4, lakini kipimo hutoa kama 29, kwa kuwa majini kila chumvi hugawanyika chembe mbili.

Umewahi kunyonya barafu ya ubuyu kwenye jua la Mugumu? Utamu na rangi hutoka mapema, mkononi hubaki barafu nyeupe isiyo na ladha. Maji huganda yakiwa peke yake, sukari ikasukumwa pembeni.

Kuganda kumempa Mtanzania jina duniani: mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, aliona mchanganyiko wa maziwa na sukari ulioingia friza ukiwa moto ukiganda kabla ya uliopoa. Yeye na mwanafizikia Denis Osborne walilichapisha jambo hilo mwaka 1969. Ubishi haujaisha.

Kwetu wafugaji, hili ndilo kubwa. Maziwa ya ng'ombe huganda karibu nyuzi 0.54 chini ya sifuri, na zaidi ya nusu ya mshuko huo ni kazi ya laktosi. Namba hiyo haiyumbi sana, kwa sababu mwili wa ng'ombe huyasawazisha maziwa na damu yake. Ukiongeza maji asilimia 10, kuganda hupanda hadi kama nyuzi 0.49 chini ya sifuri. Laktomita hupima uzito wa ujazo, hivyo mjanja akiengua krimu kisha akaongeza maji, huweza kupita. Kipimo cha kuganda humnasa, maana mafuta hayajayeyuka majini na hayahesabiki. Kingefaa kila kituo cha kukusanyia maziwa Tarime na Serengeti: humlinda mnunuzi, na humlinda mama aliyeleta maziwa safi akashukiwa bure.

Ila yapimwe mabichi! Yakianza kuchacha, laktosi moja ikichukua molekuli moja ya maji huvunjika kuwa molekuli nne za asidi, yenye gramu 90 kwa moli. Chembe huongezeka, kuganda hushuka, na maji yaliyoongezwa asubuhi hufichika ifikapo jioni.