Mlango wa faibaglasi hauozi, lakini rangi yake huchakaa

MMILIKI wa hoteli, zahanati au kituo cha kupokea maziwa anayenunua mlango wa faibaglasi kwa kawaida huuliza bei na uimara. Suala la rangi humwachia fundi, na hapo ndipo hasara huanzia.

Faibaglasi haiozi, hailiwi na mchwa wala haishiki kutu. Ndiyo maana inafaa miji ya mwambao kama Mombasa, Tanga na Zanzibar ambako chumvi hula chuma, pamoja na majengo yanayooshwa kila siku. Hata hivyo, gundi inayoshikanisha nyuzi zake huharibiwa na jua. Ikiachwa bila kinga hupauka, hutoa vumbi jeupe na mwishowe nyuzi hujitokeza. Kwa hivyo rangi si urembo tu, bali ni kinga.

Mnunuzi ana njia tatu. Ya kwanza ni jelikoti, tabaka la rangi linalotiwa kwenye kalibu kabla ya nyuzi, likawa sehemu ya mlango wenyewe. Unene wake ni karibu nusu milimita, hivyo mkwaruzo mdogo hauonekani sana. Ikipauka husuguliwa na kupakwa nta, kama ifanywavyo kwa boti. Inafaa sana viwanda vya samaki na maghala ambako matoroli hugonga milango. Kasoro yake ni kwamba rangi lazima ichaguliwe wakati wa kuagiza.

Ya pili ni kupaka rangi baadaye. Rangi ya maji ya akriliki ni nafuu na hurudiwa kwa urahisi, hivyo humfaa mwenye duka. Poliyurethani ya makopo mawili yanayochanganywa ni ghali zaidi, lakini hustahimili jua na sabuni kali. Fundi anayeipuliza lazima avae barakoa maalumu, kwani mvuke wake hudhuru mapafu.

Ya tatu ni rangi ya kuigiza mbao, inayopendwa na wenye hoteli. Kwa kuwa faibaglasi hainyonyi rangi kama mbao, rangi hiyo hukaa juu tu. Huhitaji vanishi ya kuzuia jua, ambayo hurudiwa kila baada ya miaka michache.

Rangi yoyote itabanduka ikiwa mlango mpya haukuoshwa vizuri kuondoa nta ya kalibu. Msasa upitishwe kwa wepesi bila kufikia nyuzi. Mipira ya kuzuia hewa na kibandiko cha mlango wa kuzuia moto visipakwe rangi.

Mlango unaotazama jua usipakwe rangi nyeusi au ya kahawia nzito bila idhini ya mtengenezaji. Joto huweza kuupinda, na dhamana ikapotea.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aulize iwapo dhamana inahusu rangi au mlango pekee, kisha apige hesabu ya siku ambazo biashara itafungwa mlango ukipakwa upya. Mara nyingi hesabu hiyo huonyesha kwamba rangi rahisi ndiyo ghali.